Jim Devlin aliuza nini hasa mwaka 1877?

Mwaka 1877 timu ya besiboli ya Louisville, jimbo la Kentucky, ilimaliza msimu mzima wa ligi kuu ya Marekani kwa mkono wa mrushaji mmoja. Jim Devlin alirusha katika michezo yote 61, jumla ya duru 559, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyesimama mahali pa mrushaji mwaka ule, hata kwa dakika tano. Katika historia yote ya ligi kuu hajatokea mwingine aliyeibebea timu yake kila duru ya msimu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefungiwa maisha kwa kuuza mechi. Miaka sita baadaye alikuwa kaburini.

Wapenzi wa besiboli wanaomjua Devlin ni wachache, na wengi wao wanaijua habari yake kwa kifupi tu: Louisville ilikuwa inaelekea kutwaa ubingwa, wacheza kamari wakawanunua wachezaji wanne, ubingwa ukaenda Boston. Kifupi hicho kimefunga pamoja mambo matatu ambayo kila moja lina ushahidi wake, na ushahidi huo haulingani. Kwamba Devlin alipokea pesa, hilo halina ubishi, alikiri mwenyewe. Aliuza michezo ipi, hapo pana ukungu. Na kwamba Louisville ilikosa ubingwa kwa sababu hiyo, hilo watu walilimeza tu kwa kuwa linaleta maana.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana besiboli ya wakati ule si hii inayoonekana kwenye televisheni. Mchezo una duru tisa, na katika kila duru timu moja inapiga hadi watu wake watatu watolewe, kisha zinabadilishana. Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mwaka 1877 alisimama umbali wa futi 45, yaani kama mita 14 hivi, na sheria ilimtaka arushe kwa kutokea chini, mkono ukipita chini ya nyonga. Kurusha kwa kuinua mkono juu ya bega kulikuja kuruhusiwa katika ligi hiyo mwaka 1884. Mpigaji alikuwa na haki ya kusema anautaka mpira juu au chini, na mrushaji alipaswa kumtii. Wachezaji wengi walidaka kwa mikono mitupu.

Kurusha kwa namna hiyo kuliuchosha mkono polepole kuliko mtindo wa leo, ndiyo maana mtu mmoja aliweza kucheza kila siku ya mchezo. Hata hivyo hesabu za Devlin zinashangaza. Mwaka 1876, msimu wake wa kwanza Louisville, alirusha duru 622, akashinda michezo 30 na kupoteza 35 kwa timu iliyokuwa dhaifu. Leo mrushaji anayefika duru 200 kwa msimu anahesabiwa kuwa na mwili wa chuma. Silaha yake ilikuwa mpira uliodondoka ghafla ukikaribia gongo, hivyo mpigaji akaishia kuugonga juu juu ukabingirika chini. Yeye mwenyewe alikuwa mpigaji mzuri. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1849, akaanza kulipwa kwa kucheza mwaka 1873, tena akiwa mlinzi wa besi, yaani kituo cha uwanjani ambacho mkimbiaji hupaswa kukigusa. Kurusha alikuja kukuanza akiwa Chicago, chini ya bwana mmoja tutakayekutana naye tena, William Hulbert.

Hulbert ndiye aliyeiasisi ligi hiyo, National League, Februari 1876 katika hoteli moja ya New York. Kabla yake kulikuwa na chama kilichoendeshwa hovyo: timu zinaacha safari katikati, wachezaji wanahama wanavyotaka, na minong'ono ya mechi zilizouzwa haiishi. Hulbert alijitangaza kuwa fagio jipya. Wenye kumbukumbu, lakini, hawakusahau kwamba mwaka 1875, msimu ukiendelea, yeye huyo aliwasainisha kwa siri nyota wanne wa Boston kinyume cha taratibu, na kuanzisha ligi yake mwenyewe kulimwondolea hatari ya kuadhibiwa. Sisemi hivi ili kumchafua. Ila mtu akisoma jinsi alivyokuja kusimama kama hakimu, ni vizuri ajue hakimu ametokea wapi.

Mwisho wa msimu wa kwanza Hulbert alizifukuza timu za New York na Philadelphia, majiji mawili makubwa kuliko yote nchini, kwa sababu zilikataa kufanya safari yao ya mwisho ya magharibi. Zikabaki timu sita. Ligi ikawa safi kidogo, na maskini zaidi. Kwa msimu wa 1877 wenye timu walikubaliana kuwakata wachezaji dola 30 kwa ajili ya sare na senti 50 kwa kila siku wakiwa safarini, kufidia chakula. Louisville ikawa pia inachelewesha mishahara. Hapa ndipo mkasa wa Devlin unapoanzia.

Hadi katikati ya Agosti timu ilikuwa kileleni. Ikapanda treni kwenda mashariki, kucheza Boston, na Brooklyn ambako timu ya Hartford ilikuwa imehamishia michezo yake. Safari ikageuka balaa. Walipoteza mchezo baada ya mchezo, na walipoteza vibaya, mipira rahisi ikiponyoka mikononi. Boston nayo ilikuwa kwenye kipindi cha kushinda karibu kila mtu. Msimu ulipoisha Boston ilikuwa na ushindi 42, Louisville 35.

Mtu wa kwanza kupaza sauti alikuwa kijana John Haldeman, mwandishi wa gazeti la Courier-Journal la Louisville. Nafasi yake ilikuwa ya ajabu: baba yake, Walter Haldeman, ndiye mwenye gazeti na pia rais wa klabu. John mwenyewe alikuwa ameichezea timu hiyo mchezo mmoja Julai ile ile pengo lilipotokea. Kwa hiyo alikuwa anaandika kuhusu watu aliowahi kusimama nao uwanjani, juu ya mali ya baba yake. Makosa aliyoyaona safarini hayakumwingia akilini, na alimkodolea macho zaidi Al Nichols, mchezaji aliyeletwa katikati ya msimu kuziba nafasi ya mlinzi mgonjwa, kwa mapendekezo ya mpigaji hodari George Hall. Nichols hakuwa na kiwango cha kutisha. Alichokuwa nacho ni telegramu nyingi mno kwa mtu wa cheo chake.

Kamari ya siku zile ilifanyika hivi. Katika vyumba maalumu vya New York, mnadi alinadi timu. Anayeipenda zaidi timu inayotarajiwa kushinda alitaja dau kubwa na kuichukua, mwingine akachukua ile ya pili kwa dau dogo, pesa zote zikawekwa pamoja, mwenye nyumba akakata chake, kilichobaki akachukua aliyeshinda. Kubeti kwa namna hiyo kuna faida moja kubwa kwa mwenye siri. Ukijua kwamba timu kali leo itafungwa, unainunua ile dhaifu kwa bei ya kutupa. Unachohitaji ni kupata habari kabla mnada haujaanza, na kwa kuwa timu iko mamia ya maili mbali, njia ni moja tu, waya wa telegrafu.

Makamu wa rais wa klabu, Charles Chase, naye alikuwa ameshapokea telegramu isiyo na jina ikimwonya kuhusu wachezaji wake, na kwamba wenye kamari walikuwa wanamwaga pesa upande wa Hartford. Mwanzoni hakuitilia maanani. Baadaye, msimu ukiwa umeharibika, aliwakusanya wachezaji akawataka waandike ruhusa kwa kampuni ya Western Union ili telegramu zao zifunguliwe. Ukikataa, umejihukumu. Karibu wote walikubali. Bill Craver, mlinzi mkongwe aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikataa.

Telegramu zilipofunguliwa, neno moja lisilo na kazi yoyote mle lilijirudia: «sash», mshipi wa kiunoni. Ilikuwa ishara. Telegramu ikiwa na neno hilo, mchezo umeuzwa. Aliyekuwa anaipokea huko New York alikuwa mcheza kamari aitwaye McCloud, ambaye Devlin alisema alijulishwa naye na akaambiwa kwamba siku akitaka kupata kidogo, amtumie ujumbe wenye neno hilo. Devlin na Hall waliitwa mbele ya Chase, kila mmoja kwa wakati wake. Hall, akidhani mwenzake keshatapika yote, akaeleza aliyoyajua na kumtaja Nichols. Devlin akakiri kupokea dola 100 kutoka kwa McCloud, na kwamba alimmegea Hall dola 25.

Dola 100 zilikuwa pesa. Kibarua wa kawaida alipata dola moja na ushee kwa siku. Ila kwa mchezaji bora wa nafasi yake, aliyekuwa na mke na mtoto na mshahara unaodaiwa, ni bei ndogo ya kuuzia jina.

Sasa kile kisichoelezwa sana. Walichokiri wachezaji hao, ukikisoma kwa utulivu, kinahusu zaidi michezo ya kirafiki. Timu za ligi wakati ule zilijaza siku za katikati ya wiki kwa michezo isiyo na pointi dhidi ya timu za miji midogo, kama Indianapolis na Lowell, ili kuokota viingilio. Wachezaji waliidharau michezo hiyo. Haiingii kwenye msimamo, haina kombe, na wenye kamari waliibetia kama kawaida. Ni pale ambapo mtu angejidanganya kwamba hamwibii yeyote.

Je, na ile michezo ya ligi kule mashariki? Wengi wanaamini iliuzwa pia, na makosa ya uwanjani yalitia shaka ya haki. Lakini tazama upande wa pili. Mrushaji ni mmoja. Ni Agosti, ameshatupa mamia ya duru mwaka huu juu ya 622 za mwaka jana. Mlinzi wa besi ya tatu ni mgonjwa, na aliyeshika nafasi yake ni mchezaji wa kiwango cha chini hata siku anapocheza kwa moyo. Mbele yao iko Boston, timu iliyoshika moto. Timu ya namna hiyo inaweza kupoteza wiki mbili mfululizo bila senti moja kubadilisha mikono.

Na hapo ndipo kesi ya Devlin inapokuwa ngumu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kipa wa soka akifungwa bao la kizembe, tunaweza kurudia picha, tukamlinganisha na kipa wa akiba, tukauliza kwa nini hakupangwa mwingine. Louisville haikuwa na mwingine. Mrushaji anayetaka kupoteza hahitaji kufanya kioja: anapunguza kidogo tu ile nguvu ya mwisho, mpira haudondoki, mpigaji anaukuta palepale anapoutaka. Na mrushaji aliyechoka anafanya jambo hilo hilo bila kukusudia. Ukiwa jukwaani huwezi kutofautisha. Nadhani hata Chase hakuweza, ndiyo maana akaenda kwenye waya badala ya kubishana juu ya mpira.

Kuwa na mrushaji mmoja kulimfanya pia awe mtu pekee ambaye lazima anunuliwe. Unaweza kuwahonga walinzi watatu, na Devlin akiwa na siku nzuri wapigaji hawatagusa kitu. Klabu iliyobana matumizi kwa kutomlipa mrushaji wa pili, na kuchelewa kumlipa wa kwanza, ilikuwa imeweka ufunguo wa mlango wake kwenye mfuko mmoja uliotoboka. Hilo halimtoi Devlin hatiani. Dola zile alizipokea yeye, na wengine waliodai mishahara hawakuzipokea.

Klabu iliwafungia wanne hao mwisho wa Oktoba 1877, na ligi ikaithibitisha adhabu hiyo Desemba, katika mkutano wake wa Cleveland. Devlin, Hall, Nichols, na Craver, wote maisha. Craver hakuna aliyethibitisha kwamba alipokea chochote. Kosa lake kwenye maandishi lilikuwa kutotii amri, mwenendo mbaya na uchezaji wa kutiliwa shaka, na moyo wa jambo lenyewe ni kwamba alikataa barua zake zisomwe. Yaani aliyeuza michezo na aliyekataa kupekuliwa walipewa adhabu moja. Kwangu hilo ndilo doa kubwa zaidi la hukumu ile, kubwa kuliko ukali wake.

Kuna kichekesho pia. Devlin na Hall walikuwa wameshasaini kuichezea St. Louis mwaka 1878. Kwa hiyo wakati Louisville inapigania ubingwa, nyota wake walikuwa na mguu mmoja nje, jambo lililoruhusiwa kabisa wakati ule. Walipofungiwa, St. Louis ikajitoa kwenye ligi. Louisville nayo ikafa kabla ya msimu mpya. Ligi iliyojisifu kwa usafi ilijikuta imepoteza timu mbili kati ya sita. Miaka miwili baadaye, Septemba 1879, wenye timu walipatana kwamba kila klabu itawatenga wachezaji watano ambao hakuna mwingine atakayewagusa. Utaratibu huo ulipanuka hadi kumfunga kila mchezaji kwa mwajiri wake, na ulidumu hadi miaka ya 1970.

Devlin hakuwa na kazi nyingine mkononi. Februari 1878 alimwandikia Harry Wright, kocha wa Boston, yule yule aliyeuchukua ubingwa. Barua hiyo ipo hadi leo, na tahajia yake inaonyesha mtu ambaye shule hakukaa nayo sana. Aliuliza kama kuna njia yoyote ya kucheza tena. Alimwomba Wright kazi ya kutunza uwanja, au kazi yoyote ile, kwani majira yote ya baridi alikuwa akiishi kwa kubahatisha na yeye, mkewe na mtoto hawakuwa na nguo za maana. Alisema hakutendewa haki, na kwamba Wright akisikia kisa chote atamwelewa.

Tukio linalonukuliwa zaidi limetoka kwa Albert Spalding, mrushaji nyota wa Chicago aliyekuja kuwa tajiri wa vifaa vya michezo. Anasimulia kwamba alimkuta Devlin ofisini kwa Hulbert, nguo zimechakaa, amepiga magoti akimlilia bosi wake wa zamani amwondolee aibu, kama si kwa ajili yake basi kwa ajili ya mkewe na mtoto. Hulbert, machozi yakimtoka, akamtia noti ya dola 50 mkononi, akamwambia hiyo ni kutoka kwake binafsi, lakini ameuza mchezo na hawezi kuaminika tena, na kosa lake halitafutwa maadamu yeye Hulbert yu hai. Simulizi nzuri. Ukiisoma kumbuka kwamba Spalding aliichapisha mwaka 1911, zaidi ya miaka 30 baadaye, Devlin na Hulbert wote wamekwisha kufa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale nyota wanne wa Boston ambao Hulbert aliwasainisha kwa siri.

Devlin aliendelea kuiomba ligi imsamehe. Hatimaye ligi ikapitisha azimio kwamba maombi ya watu hao haitayasikiliza tena. Hulbert alifariki Aprili 1882. Adhabu haikufa naye.

Kazi aliyoipata mwishoni ni ya polisi, mjini kwao Philadelphia. Craver naye alivaa sare ya polisi huko Troy, New York. Waliotangazwa nchi nzima kuwa hawaaminiki na mpira walikabidhiwa kirungu na ulinzi wa mitaa, na siku zote nimejiuliza maofisa waliowaajiri walikuwa wanajua nini ambacho ligi haikutaka kusikia, au kama hawakujali tu. Besiboli ilikuwa imerudi Philadelphia kwa kishindo wakati huo. Mwaka 1883 timu ya Athletics ilitwaa ubingwa wa ligi shindani, American Association, na jiji likafurika barabarani kuwashangilia. Siku chache baadaye, tarehe 10 Oktoba, kifua kikuu kilimmaliza Devlin, akiwa na miaka 34.

Mei 2025 uongozi wa besiboli ya Marekani uliamua kwamba kifungo cha maisha kinakoma mtu anapofariki, na ukatoa orodha ya watu 17 waliofutiwa, akiwamo Pete Rose, mpigaji maarufu aliyefungiwa kwa kubeti, na wachezaji wanane wa Chicago waliohusishwa na fainali iliyouzwa mwaka 1919. Ofisi ya kamishna iliyotoa uamuzi huo iliundwa baada ya kashfa hiyo ya 1919, na orodha yake inaanza na watu wa zama hizo. Wanne wa Louisville hawamo.